NYWELE BILA DAFTARI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami leo, kwa idhini ya mhariri, nataka kuongeza kidogo: hata nywele bila daftari huisha bila habari. Usicheke kwanza. Soma hadi mwisho, na kama kicheko kitakuwa bado kipo, basi ruksa kukitoa.

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alituambia kwamba safari hii kila mwanachama aandike juu ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake, si lile alilolisikia kwa jirani. Wenzangu wameandika juu ya mafuriko ya Mto Tana, wengine juu ya bei ya mbuzi, na wengine juu ya mapenzi (hawa ndio wengi). Mimi nimechagua kichwa. Sisemi kichwa cha habari, la hasha! Nasema kichwa hiki kinachobeba nywele. Nitakueleza habari za kichwa changu mimi, kichwa cha mdogo wangu wa miaka minane, na chupa moja ya shampuu ya dawa iliyotufunza sote wawili.

Chupa moja, vichwa viwili

Ilikuwa mwezi wa Februari, katikati ya jilaal, ule ukame ambao sisi watu wa Garissa hatuhitaji kuelezwa. Joto lilikuwa limepita nyuzi 35 na vumbi lilikuwa likiingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Mimi nilikuwa na mba. Kila nilipovua hijabu jioni nilikuta unga mweupe ndani yake, utadhani nimetoka kupika chapati. Na mwasho nao! Darasani nilikuwa najikuna kwa kalamu hadi jirani yangu akahamia dawati jingine.

Mdogo wangu naye alikuwa na yake. Alikuwa na madoa mawili ya mviringo, moja utosini na moja kisogoni. Mahali hapo nywele zilikuwa zimekatika na ngozi ilikuwa na magamba ya kijivu. Watu wengine huita choa, wengine mapunye, lakini kwetu jina linalojulikana ni mashilingi, kwa sababu doa hufanana na sarafu. Wenzake wa duksi wakampachika jina: Benki. Kwa nini Benki? Eti kwa sababu anatembea na shilingi kichwani! Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya tatu aliazima kofia ya binamu yetu akaivaa hata usingizini. Wiki iliyofuata alikataa katakata kwenda duksi, akawa anajificha nyuma ya nyumba mwalimu anapopita.

Ayeeyo, yaani nyanya yetu, alishauri tuoshwe kwa qasil. Hooyo akasema dawa ya dukani itangulie. Akaenda kemisti, akarudi na chupa moja ya shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2.

"Mtaitumia wote wawili," alisema. "Mwezi mmoja tu. Nataka kuona vichwa safi."

Wakati huo shuleni tulikuwa tukifunzwa jinsi ya kuandika matokeo ya jaribio katika somo la bayolojia. Nikajiambia, kwa nini jaribio liwe la majani na maji ya moto peke yake? Nikatoa daftari la kurasa 48, nikaandika jalada: VICHWA.

Jinsi nilivyoliandika daftari

Tulikuwa tukiosha nywele Jumanne na Ijumaa, kama karatasi ya dawa ilivyoagiza: mara mbili kwa wiki. Nywele hulowanishwa, kisha dawa hupakwa kwenye ngozi ya kichwa yenyewe, maana ugonjwa hauko kwenye ncha za nywele. Halafu unangoja dakika 3 hadi 5, macho umeyafumba, ndipo unasuuza. Nasema dakika za saa, si za kukisia. Wengi hupaka na kusuuza papo hapo, kisha wanalalamika kwamba dawa ni bandia. Dawa haikupewa hata nafasi ya kusalimia!

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuosha, niliketi na mdogo wangu mlangoni, mahali palepale, mwanga uleule, nikaandika mambo haya:

1. Mwasho: nambari kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni hakuna, tano ni kukosa usingizi.

2. Unga au magamba: unainamisha kichwa juu ya kitambaa cheusi na kuchana mara ishirini. Unaandika "hakuna", "kidogo" au "mwingi". Kitambaa kiwe kilekile, maana mba hauonekani vizuri juu ya shuka jeupe.

3. Ukubwa wa doa: unapima upana wake kwa rula. Mtoto akikataa rula, pima kwa uzi kisha uweke uzi juu ya rula.

4. Hali ya nywele: zimekatika? Kuna vidoa vyeusi? Zinaota mpya?

5. Jambo geni la wiki hiyo: kusukwa, kunyolewa, mafuta mapya, hina, au maji kutoka mahali pengine.

Kisha nilichora kichwa kama yai na kuweka alama pale penye doa. Hooyo aliponipa simu yake nilipiga na picha, rula ikiwa kando ya doa. Picha isiyo na kipimo hudanganya, kwa sababu ukisogeza simu karibu hata punje ya mtama huwa kama boga.

Sharti kubwa la daftari ni hili: usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukianza shampuu leo, mafuta mapya kesho na hina keshokutwa, nywele zikipona hutajua nani wa kushukuru, na zikiharibika hutajua nani wa kushtaki.

Tena usiogope ukiona nywele chache kwenye kitana. Kichwa cha mtu kina nywele kama laki moja, na ni kawaida kupoteza 50 hadi 100 kwa siku. Wewe tazama kama idadi inazidi wiki baada ya wiki, au kama zinatoka mahali pamoja tu.

Daftari lilivyosema

Wiki ya kwanza mimi nilikuwa na mwasho 4 na unga mwingi. Mdogo wangu alikuwa na mwasho 2, doa la utosini sentimita 2, na la kisogoni sentimita moja na nusu.

Wiki ya pili mwasho wangu ukashuka hadi 3. Kwa mdogo wangu magamba yalipungua sana, na nyumba nzima ikafurahi. "Mwoneni, kichwa kinang'aa!" alisema Ayeeyo. Nilipima madoa. Yalikuwa palepale.

Wiki ya tatu mimi nilikuwa na mwasho 1 na unga kidogo. Mdogo wangu: magamba hakuna. Lakini doa la utosini lilikuwa karibu sentimita 3, na ndani yake mlikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikadhani nimekosea. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu hadi mtoto akalia.

Wiki ya nne mimi sikuwashwa tena. Mdogo wangu alikuwa na doa la sentimita 3 na nusu, doa jipya nyuma ya sikio, na kivimbe shingoni kama punde la kunde. Nilipokigusa aliruka.

Jioni hiyo nilimfuata Hooyo jikoni.

"Hooyo, mtoto hajapona."

"Hajapona vipi, abaayo? Si magamba yamekwisha? Mimi nina macho."

"Macho yameona magamba. Rula imeona doa."

Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha zile yai nne nilizochora, moja baada ya nyingine, na alama zinavyonenepa. Hooyo hakujibu. Alizima jiko, akalitazama daftari tena, kisha akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali."

Kwa nini dawa moja ilimponya mmoja tu?

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Mba na mashilingi yote mawili huletwa na kuvu, lakini kuvu hizo si ndugu wa nyumba moja.

Kuvu ya mba ni ya jamii ya hamira. Inaitwa malasezia, kutokana na jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyeieleza mwaka 1874. Inakaa juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima na inakula mafuta ya kichwani. Baada ya kula inaacha masalio ambayo kwa baadhi yetu huwasha ngozi. Ngozi ikiwashwa huharakisha kujibadilisha, na yale matabaka yanayodondoka kabla ya wakati ndiyo unga tunaouona. Mba huanza sana ujanani kwa sababu ndipo mafuta ya kichwani yanapoongezeka. Basi usimwambie mwenye mba kwamba ni mchafu. Si uchafu. Na kwa kuwa adui yuko juu ya ngozi, shampuu inamfikia. Unaosha mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili ili asirudi. Maana mba hutulizwa, haufukuzwi milele.

Kuvu ya mashilingi ni mwizi wa namna nyingine. Yeye hapigi kambi juu ya ngozi peke yake. Huingia ndani ya unywele wenyewe, akaula kutoka ndani hadi ukakatika. Vile vidoa vyeusi nilivyoona ni vishina vya nywele zilizokatikia mlangoni mwa ngozi. Huwapenda zaidi watoto ambao hawajabaleghe. Shampuu inaosha magamba na kuua mbegu za kuvu zilizoko nje, kwa hiyo kichwa kinang'aa na watu wanashangilia. Lakini ndani ya unywele haifiki. Ni sawa na kufagia ua wakati mwizi yuko chini ya kitanda.

Mganga aliyetupokea aliniambia hivyo hivyo, kwa maneno machache: "Shampuu imeosha nje. Huyu anahitaji dawa ya kumeza." Kisha akaliona daftari, akaliomba, akaligeuza kurasa zote. "Hili limenipunguzia nusu ya maswali," alisema. Msomaji, siku hiyo nilitembea Garissa kama mtu aliyepata A ya bayolojia.

Dawa ya mashilingi

Dawa aliyopewa ni griseofulvini. Dawa hii ilitolewa kwenye kuvu nyingine mwaka 1939 huko Uingereza, lakini ni mwaka 1958 tu ilipoanza kutumiwa kwa wanadamu kwa kumezwa. Inapitia kwenye damu hadi kwenye mzizi na kujipenyeza katika unywele unaoota, hivyo unywele mpya unazaliwa ukiwa na kinga. Ndiyo maana matibabu huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi. Lazima nywele zenye ugonjwa zitoke na mpya zichukue nafasi. Ipo pia terbinafini. Ni dawa gani na kiasi gani, hayo huamuliwa na mganga kwa uzito wa mtoto. Usimpe mtoto vidonge vya jirani.

Kabla ya 1958 mambo yalikuwa magumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Raymond Sabouraud wa Paris alitumia mionzi ya eksirei kung'oa nywele zote za mtoto ili kuvu ikose pa kukaa. Njia hiyo ikaenea duniani kwa miaka mingi, na baadaye ikagunduliwa kwamba baadhi ya watoto hao walipata uvimbe na saratani walipokuwa watu wazima. Tukimeza kidonge leo tushukuru.

Jambo moja lilimfurahisha sana Ayeeyo. Griseofulvini huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano maziwa. "Nilijua!" alisema. "Hakuna dawa isiyohitaji ngamia!" Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kidonge, bilauri ya maziwa mkononi.

Shampuu hatukuitupa. Tuliambiwa tuendelee nayo mara mbili kwa wiki, ili mbegu za kuvu zisiruke kutoka kichwa hiki kwenda kingine. Watoto wote wa nyumba walikaguliwa. Na yule binamu mwenye kofia? Naye alikuwa na doa, dogo, nyuma ya sikio. Hatukujua nani alimpa nani. Kofia zilichemshwa, kila mtu akapata kitana chake, na mashine ya kunyolea haikuguswa kabla ya kusafishwa kwa dawa ya kuua viini. Kunyoa peke yake hakuponyi mashilingi, maana mzizi unabaki pale pale.

Kwa wenzangu wanaotoka bula za mbali na walio na mifugo: kuna aina ya ugonjwa huu inayotoka kwa ndama, ngamia wadogo na hata paka. Mnyama akiwa na mabaka yasiyo na manyoya, mtoto asimkumbatie, na mnyama naye atafutiwe dawa.

Maji yetu, hina yetu, qasil yetu

Si kila unga mweupe ni mba. Maji ya visima vingi vya sehemu zetu yana chumvi na madini. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo haitoi povu, inatoa utando mweupe unaoganda kwenye nywele. Ukioga hivyo halafu ukaandika "unga mwingi", daftari lako litakuwa limesema uongo. Ndiyo maana ile safu ya tano, ya jambo geni, ina maana yake.

Qasil, ambayo ni majani makavu ya mkunazi yaliyosagwa, hutoa povu na kusafisha nywele, na mama zetu wameitumia tangu zamani. Sina ugomvi nayo. Lakini kusafisha ni kusafisha na kutibu mashilingi ni kutibu mashilingi. Hina ya majani halisi nayo si neno. Jihadhari na ile "hina nyeusi" iliyochanganywa na rangi ya nywele, kwani inaweza kuunguza ngozi. Na ukipewa shampuu ya seleniamu badala ya ketokonazoli, vua pete na bangili za fedha kwanza, kisha suuza sana, maana huharibu fedha na inaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi.

Usingoje wiki ya nne kama sisi. Nenda hospitali mapema ukiona nywele zimekatika kwa duara, tezi za shingo zimevimba, au homa. Ukiona uvimbe laini wenye usaha kichwani, usilale juu yake hata siku moja: uvimbe huo ukiachwa huacha kovu ambalo nywele haziwezi kuota tena. Na kwa mtoto mdogo, mwulize mhudumu wa afya kabla ya kumpaka shampuu yoyote ya dawa. Sisi hatukuuliza, na tulipoteza mwezi mzima.

Benki ilivyofungwa

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, basi usitegemee miujiza ya wiki. Wiki ya tatu ya vidonge niliandika: "Doa halijakua." Wiki ya tano: "Nywele laini, kama za mtoto mchanga." Mvua za gu zilipoanza, nilipita mkono juu ya utosi wake na sikuweza kujua doa lilikuwa wapi bila kufungua daftari.

Jumamosi moja alirudi duksi, kichwa wazi. Mimi nilimsindikiza hadi mlangoni, nikajibanza nisikie. Mmoja akauliza kwa sauti, "Benki imefunguliwa leo?"

Mdogo wangu akajibu, "Imefungwa. Fedha zimekwisha."

Wakacheka wote, naye akacheka nao, akaketi mahali pake na kuchukua ubao wake.

Ndugu msomaji, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa shuleni kwetu wapo wanaolala na kofia na wapo wasiovua hijabu hata wakiwa bwenini wenyewe kwa wenyewe, si kwa heshima bali kwa aibu. Ukimwona mmoja usimpe jina. Mpe kalamu na daftari, umshike mkono mwende kwa metroni. Daftari langu la VICHWA lilibakiwa na kurasa 31 tupu. Anayelihitaji aniulize darasani, nitampa bure.